Je, Fedha za Umma Zitiwe Katika Treni za Abiria?



Katika mikutano ya matawi swali moja limekuwa likirudi tena na tena. Serikali zetu zina madeni, zahanati zinakosa dawa, na watoto wanakaa chini shuleni. Je, ni haki kutia fedha za umma katika treni za abiria? Wako wanaosema kwamba treni ni shimo lisilojaa. Wako wanaojibu kwamba nchi isiyo na treni haiwezi kuendelea. Sisi tunaona majibu yote mawili yametolewa kwa haraka. Tumeona vyema tulieleze jambo hili polepole, tukitazama hesabu yenyewe pamoja na yale yaliyotokea hapa Uganda na kwa jirani zetu wa Kenya na Tanzania.

Swali hili si la mawaziri na wahandisi peke yao. Anayelipa kodi ni sisi. Anayelipa nauli ni sisi. Na shirika likianguka, anayerudi nyumbani bila kazi ni sisi.

RELI TULIYORITHI

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika Kisumu 1901 na Kampala 1931. Haikujengwa kwa ajili ya abiria wa Kiafrika. Ilijengwa kwa mahitaji ya wakoloni, kisha ikapeleka pamba na kahawa yetu pwani. Hata njia ya Kasese, iliyofika huko 1956, ilivutwa na shaba ya Kilembe. Lakini wananchi waliipanda hivyo hivyo. Mabehewa ya daraja la tatu yalibeba vibarua, wanafunzi na wachuuzi na vikapu vyao, na miji mingi ilikua kuzunguka stesheni zake.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Shirika la Reli la Afrika Mashariki likavunjika nalo. Kila nchi ilibaki na kipande chake. Uganda iliunda shirika lake la reli katika wakati mgumu, vipuri vikihitaji fedha za kigeni ambazo hazikuwapo. Wafanyakazi wengi wa Jumuiya walisubiri mafao yao kwa miaka na miaka, na wengine walikufa wakisubiri. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 treni za abiria za Uganda zilikuwa zimesimama, na njia ya Kasese imeota majani katikati ya mataruma.

Ndipo tukaambiwa kwamba dawa ni mwekezaji. Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa miaka 25. Maelfu ya wafanyakazi walipunguzwa kazini ili kumpisha. Mkataba huo haukufika hata nusu ya muda wake: kuanzia 2017 Serikali hizo mbili ziliuvunja na kuzichukua tena reli zao. Tanzania nayo iliikodisha Reli ya Kati mwaka 2007 kwa ubia na kampuni ya RITES ya India. Haikupita miaka mitano, Serikali ikairudisha mikononi mwake.

KWA NINI MWEKEZAJI HAWAPENDI ABIRIA

Tusifikiri kwamba jambo hili lilitokana na ubaya wa mtu mmoja. Liko katika hesabu ya reli yenyewe. Mwenye basi hununua basi tu, barabara ameikuta. Mwenye reli lazima atunze njia, madaraja, ishara, karakana na stesheni, treni ikiwa na abiria kumi au elfu moja. Gharama hizo hazilali. Kwa hiyo anayetafuta faida ya haraka huchagua shehena inayolipa vizuri, huahirisha matengenezo, na abiria humwona kama usumbufu.

Hata Marekani, nchi inayotukuza biashara ya watu binafsi kuliko nyingine, ilijifunza hivyo. Kampuni za reli za huko zilikuwa zikipata hasara kwa abiria na zilitaka kuachana nao. Mwaka 1970 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuunda shirika la abiria linaloitwa Amtrak, likaanza safari tarehe 1 Mei 1971, na tangu hapo limetegemea msaada wa fedha za umma. Uingereza nayo iliuza njia zake za reli kwa kampuni ya Railtrack katika miaka ya 1990. Oktoba 2000 reli yenye nyufa ilivunjika huko Hatfield na watu 4 wakafa. Mwaka uliofuata kampuni hiyo iliwekwa chini ya wasimamizi, na 2002 njia zikakabidhiwa kwa chombo kisichogawa faida kwa wenye hisa.

MBONA BARABARA HAIULIZWI FAIDA?

Wapinzani wa treni husema: "Inakula ruzuku." Ni kweli, mara nyingi nauli ya abiria peke yake haitoshi kulipa gharama zote. Lakini na tuulize swali hilo hilo kwa barabara. Barabara ya kasi ya Kampala hadi Entebbe, yenye urefu wa kilomita 51, iligharimu dola za Marekani milioni 476, na sehemu kubwa ilikuwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China. Ilifunguliwa 2018. Magari yaliipita bure mpaka Januari 2022, ushuru ulipoanza kutozwa. Hatukusikia mtu akiita miaka ile "hasara". Iliitwa maendeleo.

Zaidi ya hayo, anayeharibu barabara si yule anayelipia matengenezo. Majaribio yaliyofanywa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hupanda haraka mno kuliko uzito: ekseli yenye uzito mara mbili huumiza barabara karibu mara 16. Lori moja lililozidisha shehena hufanya kazi ya uharibifu ambayo magari madogo maelfu hayawezi kuifanya. Mashimo yale huzibwa kwa kodi yako, wewe ambaye huna hata baiskeli. Hiyo nayo ni ruzuku, ila imefichwa.

Kwa hiyo hesabu ya haki haiulizi kama treni inapata faida katika daftari lake peke yake. Inauliza nchi nzima inapata nini na inapoteza nini: saa zinazookolewa, mafuta yasiyonunuliwa nje, ajali zinazopungua, na barabara zinazodumu.

HESABU YA MFUKO WA MFANYAKAZI

Hapa Uganda kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa kisheria mpaka leo. Bunge lilipitisha muswada mpya 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Mfanyakazi wetu basi hana sheria ya kumlinda upande wa mshahara. Linalobaki ni kupunguza gharama za maisha yake, na nauli ni mojawapo ya gharama kubwa.

Tuchukue mfano. Mfanyakazi wa kiwanda analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Akitumia 4,000 kwa siku kwenda na kurudi, kwa siku 26, amelipa 104,000. Zaidi ya theluthi moja ya mshahara wake imebaki barabarani. Nauli hiyo ikishuka nusu, ni shilingi 52,000 zinazobaki nyumbani kila mwezi. Ni vyama vingapi vya wafanyakazi vimewahi kushinda nyongeza ya namna hiyo kwenye meza ya majadiliano?

Tena kuna saa. Anayeondoka Mukono kabla ya alfajiri ili asichelewe kazini, na kurudi watoto wamelala, halipwi kwa saa hizo anazokaa katika msongamano. Treni moja ya abiria ya Mombasa hadi Nairobi huweza kubeba watu wapatao 1,260. Kuwabeba hao kwa taksi zetu za abiria 14 kungehitaji taksi 90. Hebu ziweke taksi 90 katika mstari mmoja pale Jinja Road saa moja asubuhi, ndipo utaelewa.

Wenzetu madereva wa taksi na boda boda wasidhani tunataka kuwanyang'anya riziki. Treni haimfikishi mtu mlangoni kwake. Stesheni yenye watu ni stesheni yenye kazi kwa anayemchukua abiria kutoka hapo hadi mtaani. Lakini lazima mpango ufanywe pamoja nao, si juu ya vichwa vyao.

TULIYOJIFUNZA KWA JIRANI

Kenya ilifungua reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 472, mwaka 2017. Safari iliyokuwa ya usiku kucha ikawa ya saa tano hivi, na mabehewa hujaa, hasa nyakati za sikukuu. Kwa upande wa abiria wananchi wameikubali. Lakini iligharimu zaidi ya dola bilioni 3, nyingi zikiwa mikopo ya China, na katika miaka yake ya mwanzo mapato hayakutosha hata kulipa gharama za kuiendesha. Ili kulipia reli hiyo, ushuru wa asilimia 1.5 uliwekwa juu ya bidhaa zinazoingia nchini tangu 2013, nao humfikia mnunuzi wa mwisho. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 700. Tangu Januari 2024 ikawa 1,500. Mwaka 2018 magazeti ya Kenya yalieleza malalamiko ya wafanyakazi wenyeji juu ya jinsi walivyotendewa na wasimamizi wa kigeni.

Tanzania ilianza safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi Julai. Mwendo wa Dar hadi Dodoma, ambao kwa basi humaliza siku, sasa ni wa saa nne hivi au pungufu. Mikopo iko pale pia, na itabidi ilipwe.

Lakini Tanzania ilitufundisha jambo jingine, dogo zaidi, ambalo husahauliwa. Oktoba 2012 treni ya mjini ilianzishwa Dar es Salaam kwa kutumia njia zile zile za zamani. Watu waliiita "treni ya Mwakyembe", kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Ilijaa tangu siku za kwanza. Kampala nayo, mwishoni mwa 2015, treni ya abiria ilirudi kati ya mjini na Namanve juu ya reli ya mkoloni. Imesimama mara kadhaa tangu hapo, ikiwa ni pamoja na 2023 ili njia ikarabatiwe, lakini kila irudipo wafanyakazi huipanda. Haitaki viwanja vya kifahari. Inataka ifike kwa wakati.

MSIMAMO WETU

Jibu letu basi ni ndiyo, lakini ndiyo yenye masharti. Oktoba 2024 Serikali ya Uganda ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli mpya ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala kwa euro bilioni 2.7. Huu ndio wakati wa kusema, kabla chuma hakijalazwa. Tunadai haya:

Kwanza, reli iliyopo itunzwe kabla na wakati mpya ikijengwa. Treni ya Namanve iendelezwe, isiuawe kwa kungojea kilicho kikubwa.

Pili, masharti ya mikopo yatangazwe kwa wananchi: riba, muda, na dhamana iliyowekwa. Deni tusiloonyeshwa leo, watoto wetu wataonyeshwa kesho.

Tatu, stesheni ziwe pale watu wanapoishi na wanapofanya kazi, na nauli ipimwe kwa mshahara wa kibarua, si kwa mfuko wa mtalii. Ikiwa umma unatoa ruzuku, umma uone imemfikia nani.

Nne, kazi ziwe za kudumu, mafunzo yatolewe kwa vijana wetu, na haki ya kujiunga na chama iheshimiwe tangu kambi za ujenzi. Mwenye mradi asituambie haki zitakuja reli ikimalizika.

Tano, pale ambapo abiria ni wachache mno, tuseme kweli. Treni tupu inayopita mara moja kwa juma ili waziri apigwe picha si huduma, ni matumizi mabaya ya mali ya umma. Basi zuri litatosha huko.

Ndugu, reli ya kwanza ilijengwa bila kutuuliza. Ya pili inajengwa kwa jina letu na kwa deni letu. Matawi yajadili masharti haya matano, yaongeze au yapunguze, kisha yatuletee maazimio yao kwa maandishi. Wajumbe wetu watakapokwenda kuonana na wizara, wasiende mikono mitupu.