Punje za Sataranji

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nimetoka chuoni juzi tu, nikijiona nimekwisha kuijua dunia. Jioni moja barazani kwetu, Mji wa Kale, mzee mmoja alitupa hadithi ya Sissa, anayesimuliwa kuwa ndiye aliyebuni sataranji. Mfalme wa Bara Hindi alimwambia achague tunzo. Akataka punje moja ya ngano katika nyumba ya kwanza ya ubao, mbili katika ya pili, nne katika ya tatu, maradufu hivyo hivyo hadi nyumba ya 64.

"Ngano ya dunia nzima haitoshi," mzee akasema.

Nikacheka mbele za watu. "Mzee wangu, gunia mbili tatu zatosha!"

Hakunijibu. Alikaza kikoi chake akenda kusali Isha.

Miaka ikapita ndipo nilipokutana na habari za Ibn Khallikan, kadhi na mwandishi aliyefariki mwaka 1282. Naye hakusadiki, mpaka mhasibu wa Iskandaria alipomwonyesha hesabu. Nyumba ya 16 ina punje 32,768. Akazifanya kipimo kimoja, akaendelea kuzidisha. Vipimo vikawa maghala, maghala yakawa miji, na nyumba ya mwisho peke yake ikawa miji 16,384 ya maghala matupu. Yeye alipotia shaka aliuliza.

Lakini aliyenistaajabisha zaidi ni al-Biruni, aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka mia mbili. Hakujumlisha nyumba moja moja. Tazama, msomaji: 1 na 2 na 4 ni 7, na nyumba inayofuata ni 8. Daima jumla hupungua moja tu. Basi itafutwe nyumba ya 65, ambayo haipo ubaoni, kisha iondolewe moja. Nyumba ya tano ni 16. Mara yenyewe ni 256, nayo ni ya tisa. Hiyo mara yenyewe ni 65,536, ya 17. Tena, 4,294,967,296, ya 33. Mara moja zaidi, toa moja: 18,446,744,073,709,551,615.

Na nambari hii ina siri zake. Ongeza moja kwa kila ngazi ya al-Biruni, upate 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Zote zaigawa bila baki, pamoja na 3 na 5. Hiyo ya mwisho, Fermat, bingwa wa hesabu wa Ufaransa, alidhani haigawiki kabisa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kuwa yagawika kwa 641. Nilifarijika kidogo, kumbe si mimi peke yangu niliyesema kabla ya kuhesabu.

Tukikadiria gramu 40 kwa punje 1,000, ngano ya Sissa ni zaidi ya tani bilioni 700. Dunia nzima huvuna kama tani milioni 800 kwa mwaka. Ni mavuno ya kama miaka mia tisa.

Mzee alikwisha kutangulia mbele ya haki. Ijumaa iliyopita nilimpelekea mwanawe karatasi yangu ya hesabu, pale pale barazani. Aliitazama kwa kituo, akaniuliza zile gunia mbili tatu nimezifikisha wapi.