Springi za Mbele Zikichoka
Ndugu zetu walioko Kwanza, karibu na Kitale, wangali wakiwapakia watoto katika Land Cruiser za kabla ya mwaka 1999, zenye springi za vyuma bapa hata mbele. Mizigo ya mahindi na mashimo ya njia huzilegeza, gari likainama upande. Wako mafundi waongezao chuma kimoja upande ule ulioinama. Sisi haturidhii, kwani springi hizo ndizo zishikazo ekseli mahali pake. Zifunguliwe zote mbili, zikunjwe upya au zibadilishwe, pamoja na bushi. Bolti zilizopinda mfano wa U ziwe mpya, maana za zamani zimekwisha kuvutika. Nazo zikazwe tena baada ya safari chache.