Lengalenga na mafuta mekundu

Mvua za mwezi wa 3 na za mwezi wa 9 zikianza kunyesha, lengalenga huota katika mashamba ya Butembo na Beni bila kupandwa na mtu. Kwa kuwa hupatikana bure, wengine huyadharau majani hayo. Mtu akirudi kutoka machimbo ya dhahabu na fedha mkononi, hununua makayabu na mchele, na majani huachiwa mbuzi. Hivyo si vizuri.

Ndani ya majani hayo mna kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho. Mtoto aliyeikosa huanza kwa kutoona vema jioni: jua likitua, hujikwaa na kupapasa sahani yake. Akiachwa hivyo, aweza kuwa kipofu kabisa. Mtoto wa namna hiyo apelekwe upesi kwenye kituo cha afya. Chakula peke yake hakitoshi tena.

Tena fahamuni hili: kitu hicho huyeyuka katika mafuta. Majani yakipikwa kwa maji na chumvi tu, mwili hupata sehemu ndogo. Butembo kwenye baridi michikichi haistawi, lakini upande wa Beni kwenye joto mafuta ya mawese hupatikana. Wekundu wake nao ni wa faida ile ile kwa macho.

Pikeni hivi:

1. Chumeni majani machanga, mkayapike siku ile ile. Acheni sehemu ya chini ya shina, nayo itachipuka tena.

2. Osheni kwanza, ndipo mkate.

3. Tieni katika maji kidogo yanayochemka. Dakika 5 hadi 10 zatosha. Yakiwa majani magumu ya kiangazi, maji yake yamwageni.

4. Katika chungu kingine kaangeni kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo. Msiyachome mafuta hata yawe meupe: wekundu ukitoka, faida nayo imetoka.

5. Changanyeni, tieni chumvi, mle na bugali ya moto.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 apondewe laini, huku akiendelea kunyonya.

Acheni mashina machache yakomae, mkung'ute mbegu. Zimwageni nyuma ya nyumba, mahali mnapomwaga maji ya kuoshea vyombo, ili kiangazi kisiwakute bila mboga.