Fisi si mwizi tunayemdhani

Hapa Vwawa ukimtaja fisi, mazungumzo hayakawii kufika kwenye uchawi au mizoga. Tumelelewa kumwona mlafi na mwoga, anayesubiri simba ashibe ndipo aokote mabaki. Hata wataalamu wengi waliamini hivyo, mpaka mmoja wao alipoamua kukesha naye.

Katika miaka ya 1960, mtafiti Mholanzi Hans Kruuk aliwafuatilia fisi Serengeti na kreta ya Ngorongoro, mara nyingi usiku wa mbalamwezi. Wageni walioshuka kreta asubuhi waliwakuta simba wakila nyumbu, huku fisi wakizunguka kwa mbali. Wakaona jibu liko wazi: simba kawinda, fisi anavizia. Lakini Kruuk alikuwa ameuona mwanzo wa kisa. Fisi ndio waliomkimbiza nyumbu gizani na kumwangusha. Makelele yao ya kugombea nyama yakawafikia simba, nao wakaja kupora. Wale fisi wa asubuhi walikuwa wakivizia jasho lao wenyewe.

Ugomvi huu una kanuni zake. Simba dume hufikia kilo 190, ilhali fisi ana kilo 60 hivi; dume mmoja anatosha kulitawanya kundi. Ila wakiwapo simba jike wachache bila dume, na fisi wakazidi kuongezeka, mizani hugeuka na simba huondoka.

Wanyonge zaidi wana mbinu zao. Chui hupandisha windo lake mtini. Mbwa mwitu hula haraka haraka, kisha huwatapikia watoto wao nyama pangoni. Duma hukimbia karibu kilomita 100 kwa saa, lakini akishakamata swala hubaki akihema, hana nguvu hata ya kula. Fisi mmoja akitokea wakati huo, duma humwachia. Si woga: akivunjwa mguu hatawinda tena, na asiyewinda hufa. Ndiyo maana huwinda zaidi mchana, simba wakiwa wamelala kivulini.

Kwa hiyo wanyama hawa wanahitaji mawindo ya kutosha na eneo pana la kukwepana. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo mwaka 2008 ilipanuliwa hadi Usangu kwa jirani zetu wa Mbeya, simba, chui, duma, fisi na mbwa mwitu wote watano bado wapo. Ni utajiri uliobaki katika sehemu chache za Afrika.

Mshindani anayewashinda wote ni binadamu. Tukimaliza swala kwa mitego ya waya, mwenye njaa atakuja zizini. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe ana uchungu wa haki, lakini sumu kwenye mzoga haichagui: humuua simba aliyekula ng'ombe, fisi asiyehusika, na tumbusi wanaotusafishia mazingira bila malipo.

Ndugu mfugaji, jenga zizi imara, fungia mifugo kabla jua halijazama, na ukivamiwa toa taarifa mapema kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Sumu usiiguse. Porini windo huporwa leo na kesho likapatikana jingine; mnyama aliyekufa kwa sumu harudi.