Michezo ya Utotoni Humtuliza Mtu Mzima

Mara nyingi huja katika kliniki hapa mjini Kakamega mtu mwenye kazi na familia, akilalamika kwamba moyo wamwenda mbio, kichwa chamgonga na usingizi hapati. Presha na damu zikipimwa huwa sawa. Ndipo huomba vidonge vya kulala. Vidonge kama diazepam vikitumiwa kwa majuma kadhaa, mwili huvizoea, na kuviacha huwa taabu.

Mtu huyo mimi humuuliza kwanza: ulipokuwa mtoto ulicheza nini? Hucheka, akidhani natania.

Wasiwasi huufanya mwili kumwaga homoni za adrenalini na kortisoli. Moyo hupiga kwa kasi, misuli hukaza na pumzi huwa fupi. Pumzi ikitolewa polepole, neva zinazopunguza mapigo ya moyo huamka. Sasa kumbuka tulivyopuliza mapovu ya sabuni kwa kikonyo cha jani la mpapai. Ukipuliza kwa nguvu povu hupasuka; ukitaka liwe kubwa sharti upulize taratibu. Hilo ni zoezi kamili la kupumua, na halina gharama. (Osha kikonyo vizuri kwanza, kwani utomvu wake huwasha.)

Kupaka rangi pia husaidia. Mwaka wa 2005, watafiti wa Chuo cha Knox, Marekani, waliwatia wasiwasi wanafunzi 84 kwa kuwaandikisha kuhusu jambo la kuogofya, kisha wakawapa rangi kwa dakika 20. Waliojaza michoro yenye mpangilio walitulia kuliko waliopewa karatasi tupu. Yaelekea mpangilio huishika akili, isipate nafasi ya kurudia madeni na ugomvi wa kazini. Drafti ya vifuniko vya soda huishika vivyo hivyo, mradi isichezwe kwa pesa. Kubahatisha matokeo ya kandanda kwa simu sikuhesabu kuwa mchezo. Wengi wa wasiolala hukeshea hapo.

Kuna wanaoona haya. Basi cheza na watoto wako jioni, hakuna atakayekushangaa.

Mwenye magoti mabovu au presha ya juu asiruke kamba kabla ya kumwona daktari, na dawa za presha asiziache. Maumivu ya kifua, huzuni iliyopita majuma mawili au mawazo ya kujiua hayangoji mchezo. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo.