Barafu juu ya kope: kwa nini joto huwazidishia wengine ulegevu

Kila kiangazi hapa Maskati kope za mama yangu zilikuwa zikishuka, nasi tukidhani ni uchovu. Daktari alimwekea barafu iliyofungwa kitambaa juu ya kope kwa dakika 2, jicho likafumbuka. Vipimo vya damu vikathibitisha miasthenia gravisi: kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya msuli vinavyopokea asetilikolini, kemikali inayobeba amri ya neva. Baridi hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachoivunja kemikali hiyo, ikadumu zaidi. Joto hufanya kinyume. Dawa ya piridostigimini nayo hukizuia kimeng'enya hichohicho. Mwenye maradhi haya akishindwa kumeza au kupumua, msingoje jua litue, mkimbizeni hospitali.