KOA KATIKA BUSTANI: JINSI YA KUOKOA MICHE YAKO



Mvua za Juba huanza karibu mwezi wa nne na kuendelea hadi mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Hapo kila mwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba hupanda bamia, kudra, mchicha, kunde, sukuma wiki au nyanya. Miche huota vizuri. Halafu asubuhi moja unaamka na kukuta mstari mzima umeliwa, vimebaki vijiti. Mbegu ulizopewa zimekwisha, na za kununua sokoni zina bei.

Mara nyingi aliyefanya kazi hiyo usiku ni koa. Koa ni ndugu wa konokono, ila yeye hana nyumba mgongoni. Karatasi hii inakueleza jinsi ya kumtambua, jinsi anavyoishi, na jinsi ya kumpunguza bila kutumia pesa na bila kumdhuru mtoto au kuku wako.

KWANZA: HAKIKISHA NI KOA

Usianze kupigana na adui usiyemjua. Tazama alama hizi:

1. Koa huacha matundu yenye kingo zisizo sawa katikati na pembeni mwa jani. Huacha pia njia ya ute mkavu unaong'aa kama fedha juu ya jani au udongo.

2. Viwavi huacha mavi madogo meusi kama punje juu ya majani. Hakuna ute.

3. Sota hukata shina la mche chini kabisa, karibu na udongo, na mche hulala. Chimbua kwa kidole kuzunguka mche. Utamkuta amejikunja ndani ya udongo.

4. Panzi hula mchana na utawaona. Mbuzi hula kila kitu, na dawa yake ni uzio.

Kama bado una shaka, lowesha gunia kuukuu, ulilaze chini kando ya miche jioni, na ulifunue alfajiri. Fanya hivyo siku tatu. Ukikuta makoa chini yake, umempata mwizi. Usipokuta hata mmoja, tafuta mdudu mwingine.

KOA ANAISHI VIPI?

Mwili wa koa una maji mengi, na hana gamba la kumkinga na jua. Kwa hiyo mchana hujificha mahali penye giza na unyevu: chini ya mawe, matofali, mbao, magunia, majani yaliyooza, na katika nyufa za udongo. Usiku, au siku ya mawingu na mvua, hutoka kula. Ulimi wake una meno madogo sana, maelfu kwa maelfu, nao husugua jani kama tupa inavyosugua chuma.

Kila koa ana sehemu za kiume na za kike pamoja. Maana yake ni kwamba wote wanaweza kutaga. Mayai yake ni kama shanga ndogo, meupe au ya kupenyeza mwanga, yamekaa kwa mafungu ndani ya udongo wenye unyevu au chini ya vitu. Kwa sababu hii, koa unayemtoa mwanzoni mwa mvua ana faida kuliko makoa wengi utakaowatoa baadaye, maana umeondoa pia mayai ambayo angetaga.

Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu, makoa huingia chini ya udongo na kungoja. Hawajafa. Na wale walio kwenye bustani za kando ya mto, au karibu na bomba la maji, hawaendi popote, kwa kuwa unyevu wanao mwaka mzima.

JAMBO LA KWANZA: BADILISHA SAA YA KUMWAGILIA

Watu wengi humwagilia jioni, baada ya foleni ya maji na kazi za siku. Lakini ukimwagilia jioni, unamwandalia koa barabara yenye ute rahisi na chakula laini usiku kucha.

Weka maji ya jioni kwenye jerikeni, umwagilie alfajiri. Jua likipanda, uso wa udongo hukauka, na usiku koa hupata shida kutembea. Mwaga maji kwenye shina la kila mmea, usilowanishe kitanda chote. Maji yatakutosha zaidi, na hatua hii haikugharimu kitu.

JAMBO LA PILI: ONDOA MAFICHO

Safisha eneo la hatua mbili au tatu kuzunguka bustani. Ondoa matofali, makopo, vipande vya mabati na magugu. Usiweke matandazo ya majani wakati miche ingali midogo. Subiri ishupae, kisha tandaza, lakini matandazo yasiguse shina.

Kabla ya mvua kuanza, lima kitanda na uache udongo wazi juani kwa siku kadhaa. Jua hukausha mayai, na kuku wako watakula watakachokiona. Kuku waingie wakati huo, na tena baada ya mavuno. Wakiingia kukiwa na miche, watafukua kila kitu. Bata hula makoa vizuri kuliko kuku.

JAMBO LA TATU: MITEGO NA MIKONO

Hii ndiyo njia ya hakika kuliko zote kwa bustani ndogo.

1. Weka mtego jioni: ubao, gunia lililoloweshwa, au ganda la papai lililofunikwa chini kama kofia.

2. Funua alfajiri, kabla jua halijapanda.

3. Okota makoa kwa kijiti au kwa jani. Ukiwa na tochi, okota pia saa mbili au tatu baada ya giza kuingia.

4. Watie ndani ya kopo lenye maji ya sabuni. Wakifa, wafukie katika shimo la mboji.

5. Osha mikono kwa sabuni.

6. Hesabu kila siku. Wiki ya kwanza watakuwa wengi. Idadi ikipungua, unajua kazi inakwenda vizuri.

Wanaopika kwete au marisa wana mtego mwingine. Makoa huvutwa na harufu ya hamira. Fukia kopo ardhini, mdomo wake ubaki juu ya udongo kwa upana wa kidole ili mbawakawa wema wasitumbukie. Tia machicha na maji kidogo. Makoa wataingia na kuzama. Badilisha kila baada ya siku mbili au tatu.

Zungumza na jirani. Ukisafisha peke yako na yeye ana rundo la matofali mpakani, makoa watarudi kwako kila usiku.

JAMBO LA NNE: LINDA MCHE UNGALI MCHANGA

Mche wenye majani mawili huliwa ukaisha usiku mmoja. Mche wenye majani sita hupoteza kipande cha jani na kuendelea kukua. Kwa hiyo usiharakishe kupandikiza. Otesha mbegu ndani ya makopo au beseni lililopasuka, uliweke juu ya meza ya miti. Kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo lenye maji. Maji hayo yamwage na kuyabadilisha kila siku mbili ili mbu wasizaliane.

Bustani ya gunia nayo inasaidia, lakini kagua mikunjo ya gunia kila asubuhi. Makoa hupenda kulala humo.

Usitumie mbegu zote siku moja. Panda nusu, weka nusu. Ukipata hasara, bado unayo ya kuanzia.

MAJIVU, CHUMVI NA MAGANDA YA MAYAI

Majivu makavu humsumbua koa, lakini mvua moja tu huyaharibu. Ukiyatumia, yawe duara jembamba kuzunguka mche, uyarudie baada ya mvua, wala usizidishe, kwa maana majivu mengi hubadilisha udongo.

Maganda ya mayai na changarawe husifiwa sana. Nchini Uingereza, shirika la wakulima wa bustani liitwalo Royal Horticultural Society lilieleza mwaka 2018 matokeo ya jaribio lake: vizuizi vya maganda ya mayai, changarawe, magome ya msonobari, sufu na utepe wa shaba havikuokoa saladi kuliko ile iliyoachwa bila kizuizi. Basi nguvu zako ziweke kwenye mitego na usafi.

Chumvi humuua koa, lakini huharibu udongo na mmea wako. Iache jikoni.

TAHADHARI KUHUSU DAWA

Dawa za kuua wadudu kwa kawaida haziui makoa, kwa kuwa koa si mdudu. Ukinyunyiza dawa ya mbu au ya kupe, utakula sumu hiyo kwenye mboga, na koa atabaki.

Iko dawa ya vidonge vyenye rangi iitwayo metaldehaidi. Huua makoa, lakini pia inaweza kuua mbwa, kuku, na mtoto anayeiokota akidhani ni peremende. Uingereza iliipiga marufuku kutumika nje kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu, 2022. Katika makazi yetu, ambako watoto hucheza bustanini, isitumike. Usinunue kamwe dawa iliyofungwa katika karatasi au chupa ya soda bila jina. Mafuta ya taa na maji ya betri nayo yasimwagwe bustanini.

AFYA YA NYUMBANI

Konokono na makoa wanaweza kubeba minyoo inayomdhuru binadamu. Osha kila jani kwa maji safi, hasa jirjir na mboga nyingine zinazoliwa mbichi. Mboga za kupika zipikwe ziive. Watoto wasichezee makoa.

Wengine huuliza kama koa huleta kichocho. Hapana. Kichocho hutokana na konokono wa majini. Anayechota maji au kuoga mtoni ndiye anayepaswa kujihadhari.

HATUTAWAMALIZA, TUTAWAPUNGUZA

Koa ana kazi yake. Hula majani yaliyooza na kuyarudisha kuwa udongo. Chura, mbawakawa, kalunguyeye na ndege humla yeye. Usimuue chura bustanini. Usiku mmoja anakufanyia kazi ambayo wewe ungeifanya kwa tochi. Ukiwa na kona ya mboji mbali na miche, waache makoa wachache huko.

KUMBUKA:

- Mwagilia alfajiri, si jioni.
- Ondoa maficho.
- Funua mitego kila asubuhi.
- Pandikiza mche ulioshupaa.
- Weka akiba ya mbegu.
- Sumu isiingie mahali wanapocheza watoto.

Ukimaliza kusoma, msomee jirani asiyejua kusoma, kisha mpe mwingine karatasi hii.